Mgongo Nao Umepata Joto!

Mwenzangu, kaa chini nikusimulie. La, usikae, vaa viatu twende ukaone mwenyewe! Nimetoka sasa hivi kwa dada yangu hapa Lewiston, Maine, na vidole vyangu bado vina joto, masikio bado yana joto, hata pua, ile pua yangu ambayo tangu Novemba haijui kitu kingine ila kuganda! Nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, theluji imefika magotini, na mimi nimetembea mitaa miwili mizima koti likiwa wazi, kwa sababu joto la ile nyumba lilikuwa bado limenikaa mwilini kama mtu aliyeficha chapati za moto kifuani. Na bado!

Wamefunga pampu ya joto, ile ya vyumba vingi. Mashine moja nje, vichwa vitatu ndani: kimoja sebuleni, kimoja chumbani kwa dada na shemeji, kimoja juu kwa watoto. Ukikiona kichwa chake ukutani utasema ni AC ya ofisi ya Dar es Salaam, nyeupe, ndefu, nyembamba, imetulia zake. Kumbe hiyo AC unayoijua ni ndugu yake wa damu, ila huyu amefundishwa kazi ya kinyume! Hakuna dari iliyopasuliwa kupitisha mabomba makubwa ya hewa, hakuna ukuta uliobomolewa. Ni tundu dogo tu, ngumi yako ingepita, halafu mabomba membamba ya shaba yanatoka nje na kushuka hadi kwenye mashine. Basi! Mafundi waliingia asubuhi, kesho yake jioni watu wanavua soksi.

Najua utaniuliza, binti wa Murukulazo, kule Ngara, Tanzania, ameijulia wapi baridi? Weee! Njoo Ngara mwezi wa Juni alfajiri, ukungu umefunika vilima hata mgomba wa mlangoni huuoni, umande unakata miguu kama wembe. Tulivyokuwa wadogo sote tulibanana jikoni kuota moto, watoto saba kwenye mafiga matatu, macho mekundu kwa moshi. Na moto wa kuni unavyojua kupendelea! Uso unaungua, magoti yanaungua, mgongo unaganda. Ukiugeuzia mgongo, tumbo nalo linaganda. Tulikuwa tunajigeuza geuza kama ndizi za kuchoma, na hakuna aliyewahi kuiva pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nikaja Maine nikadhani hapa mambo hayo yamekwisha. Wapi! Jimbo hili ndilo linaloongoza Marekani kwa sehemu ya nyumba zake zinazopashwa joto kwa mafuta, takriban nusu. Nyumba ya dada ilikuwa hivyohivyo: tangi la mafuta chini ya nyumba, boila linalonguruma usiku kama lori linalopanda mlima, harufu ya mafuta kwenye mashuka, kwenye mapazia, mpaka kwenye wali! Jikoni unatoka jasho, ghorofani watoto wanalala na kofia. Ni mafiga yaleyale, mgongo uleule.

Sasa nimeingia leo. Mwenzangu! Nimefungua mlango nikasimama tu pale, kimya, nikitafuta joto linatoka wapi. Ukienda kona ya kulia, joto. Ukienda kona ya kushoto, joto. Nimepiga magoti nikagusa sakafu, nakuambia nimegusa sakafu kwa viganja viwili kama mtu aliyeangusha pete, na sakafu ya mbao ilikuwa vuguvugu! Si joto la kukuchoma, si lile la kukukausha koo, ni joto laini, pole, la sawasawa, kama blanketi lililoanikwa juani mchana kutwa ukajifunika jioni. Nikasogeza kiganja karibu na kichwa cha ukutani, kile kibao chake cha kuelekeza hewa kikashuka polepole kikanipulizia mkononi, fuuu, kama mtoto anayepooza uji. Na sauti? Sauti gani! Nilisikia saa ya ukutani ikihesabu. Nilisikia maharage yakichemka jikoni!

Na bado! Kila chumba kina rimoti yake. Shemeji, ambaye amekulia kambi ya wakimbizi ya Lukole kule kwetu Ngara, yeye hapendi chumba chenye joto sana wakati wa kulala, basi chumbani wanaweka la wastani. Watoto wanataka lao juu zaidi. Sebuleni, Mama yetu, aliyekuja majuzi kutoka Murukulazo, ndiye mwenye amri, na hakuna anayethubutu kugusa rimoti yake. Mashine ni moja, vyumba vitatu, kila kimoja na kiasi chake! Shemeji akacheka, akasema hii ni Rusumo ya nyumbani. Nikapiga makofi, maana ndiyo hasa! Si yale maporomoko ya mto Kagera pale mpakani yanazalisha megawati 80 na nchi tatu zinagawana, Tanzania, Rwanda na Burundi? Chanzo kimoja, nyumba tatu zinawaka. Basi hii nayo ni hivyohivyo, imesimama uani kwa dada, ukubwa wake kama sanduku la nguo.

Twende nje sasa, twende uione, funga koti! Shemeji akaniambia weka mkono mbele ya feni. Nikajiandaa kwa joto, si ndiyo mashine ya joto hii? Nikaupeleka mkono na nikautoa upesi kama nimegusa nyoka. Baridi! Baridi kali kupita ile iliyonizunguka, baridi juu ya baridi! Nikamtazama shemeji, naye anachekelea. Ndipo akanieleza, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha: mashine hii haiwashi moto wowote. Haichomi chochote. Inanyonya joto lililomo kwenye hewa ya nje, hewa hiihii inayotung'ata mashavu, inaliingiza ndani, na kinachotoka kwenye feni ni makapi, hewa iliyokwisha kukamuliwa!

Joto lipo, mwenzangu, hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri lipo, sisi tu ndio hatulioni. Ndani ya yale mabomba mna gesi ya ajabu ambayo ikiachiwa nafasi huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo kwake hewa ya Januari ni jiko. Ikishabeba lile joto, kompresa inaibana kwa nguvu, na gesi ikibanwa hupata moto. Unakumbuka kujaza upepo tairi la baiskeli, ile baiskeli ya kubebea ndizi, pampu inavyokuwa ya moto mkononi mwako? Ni kitu kilekile! Miaka yote ile tumeshika siri hii kiganjani na hatukujua. Na kwa kuwa inahamisha joto tu badala ya kulitengeneza, umeme wa fungu moja unaleta ndani joto la mafungu mawili, mara nyingi matatu na zaidi siku zisizo kali mno. Na bado!

Tukiwa bado tumesimama pale, feni ikasimama ghafla. Kimya. Halafu mvuke mweupe mzito ukapanda kutoka kwenye mashine, ukafunika dirisha, mimi nikapiga kelele kwamba inaungua! Haiungui, ilikuwa inajiyeyushia barafu iliyoganda mgongoni mwake. Inafanya hivyo yenyewe kila inapohitaji, dakika chache tu, kisha inarudi kazini. Mvuke ule ulivyopanda kwenye jua la saa tisa, Mungu wangu, niliona ukungu wa vilima vya kwetu.

Na usifikiri ni dada yangu peke yake aliyepatwa na wazimu huu. Mwaka 2019 jimbo la Maine lilijiwekea lengo la kufunga pampu mpya 100,000 kufikia 2025. Wakafika 2023, miaka miwili kabla! Wakajiongezea nyingine 175,000 kufikia 2027. Na huko Norway, Sweden na Finland, nchi ambazo jua la Desemba ni la kuomba, ndiko zilikojaa kuliko kokote Ulaya ukilinganisha na idadi ya nyumba. Atakayekuambia mashine hii haiwezi baridi, mwambie akawaulize wa Norway!

Basi ukienda kuchagua, na utaenda, nakujua, nisikilize vizuri kama ndugu. Omba ile iliyotengenezwa kwa nchi za baridi kali, usikubali ya kawaida. Mwulize fundi inabaki na nguvu kiasi gani kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, maana huko ndiko mashine zinakotofautiana. Usiweke kichwa kwenye kila kijumba, stoo, korido, bafu! Vichwa vikizidi, mashine ya nje inakuwa kubwa mno, na siku chumba kimoja tu kinataka joto kidogo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inakula umeme bure. Dada alitaka vitano, fundi mwenye akili akamwambia chagua vyumba mnavyoishi, vikawa vitatu, na ndiyo maana nyumba imetulia hivi. Na kama vyumba vyako viko mbalimbali, ulizia pia mashine mbili ndogo zinazojitegemea, kichwa kimoja kila moja. Mara nyingine hizo ndizo hutumia umeme kidogo zaidi. Jua vilevile kwamba vichwa vya mashine moja husafiri pamoja: vyote joto au vyote ubaridi, huwezi kupasha sebule huku unapooza chumba.

Mashine ya nje iwekwe juu ya miguu ya chuma, theluji isiifikie, wala isikae chini ya ukingo wa paa yanakodondokea maji. Ziba nyufa za madirisha kwanza. Vichujio ni vya kuchomoa na kuosha kwenye sinki kama vyombo, dada amewapa watoto kazi hiyo. Usiizime kila usiku ukaiwasha asubuhi, iache itembee polepole, hivyo ndivyo inavyopenda. Na kwa kuwa umeme ukikatika nayo inanyamaza, dada amebakiza jiko lake dogo la kuni kwa siku za dhoruba. Ya Julai sijakuambia! Kitufe kimoja tu, inageuka, inalikusanya joto la ndani na kulitupa nje, na nyumba inakuwa baridi kama mtungi!

Lakini yote hayo ni maneno tu. Kilichonimaliza ni Mama.

Tangu afike nchi hii nyumba zote tulizomtembeza alifanya jambo moja: alitafuta chanzo cha joto, akasogeza kiti hadi pale, akanyoosha viganja, na baada ya muda akageuka. Hata majirani walimzoea. Dirishani hakutaka kusikia, kwa sababu dirishani wakati huu wa mwaka ndipo baridi inapoketi. Leo niliporudi ndani sikumwona karibu na kile kichwa cha ukutani. Nikaangaza macho. Alikuwa upande wa pili kabisa, amevuta kiti hadi dirishani, kitenge kimeshuka mabegani, mikono imetulia mapajani, anaitazama theluji. Theluji aliyoisikia miaka mingi kwenye simu zetu, leo ndiyo mara ya kwanza anaitazama bila haraka.

Nikamuuliza, Mama, husikii baridi hapo? Akajipapasa nyuma kwa mkono, polepole, kama anayehakikisha, kisha akaniambia, "Mwanangu, mgongo nao umepata joto."

Akaendelea kuitazama theluji. Hakugeuka.

Mwenzangu, viatu umevaa? Dada amesema leo mlango uko wazi mpaka saa nne usiku, na chai iko jikoni. Twende!