Kihisio Kinachonusa na Kugoma Kusahau

Kazi ya kundi la Hongjie Dai wa Stanford, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2000, imesifiwa kwa haki: mrija mmoja mwembamba wa kaboni ulibaini dioksidi ya nitrojeni na amonia bila kupashwa moto. Kilichoharibika ni uamuzi wa lini filimbi ya mwisho ya kipimo ipulizwe. Sifa zote zilikwenda kwa kuitikia gesi. Kurudi hali ya awali kukawekwa pembeni, ingawa makala yenyewe ilikiri kwamba pasipo moto mrija hurudi polepole mno. Watu wa nanokompositi, yaani michanganyiko ya nyenzo kama hizo na nyingine, wakarithi hesabu hiyo. Mwaka 2007 kundi la Manchester lilitambua molekuli moja moja juu ya utando wa kaboni uitwao grafini, kisha likausafisha kwa nyuzi 150 ndani ya ombwe. Joto la chumba, eti. Chumba gani hicho?

Tazama duara la mchimbaji mdogo huko Tarime. Baruti ikishalipuka huacha monoksidi ya kaboni na hizohizo oksidi za nitrojeni. Anayesubiri juu hahitaji kuambiwa kuna gesi, hilo analijua. Anataka kujua imeisha au bado, yaani kipimo chake ni kule kushuka ambako majedwali ya vihisio hivi yanakuruka. Kihisio kilichong'ang'ania gesi ya mlipuko wa kwanza kitalia hewa ikiwa safi, na kwa kuwa nafasi zake zimejaa, gesi mpya itakitikisa kidogo tu. Unyevu wa shimoni nao, ambao maabara za hewa kavu huukwepa, nisianze.

Kuchanganya grafini na oksidi ya bati au polianilini kumeongeza wepesi wa kuhisi, sibishi. Watetezi wa kupima bila moto watasema kipasha moto cha kukirudisha kihisio kinamaliza betri. Kweli, lakini Naoyoshi Taguchi, aliyeombea hataza kihisio chake cha oksidi ya bati mwaka 1962, hakuuficha moto wake. Hata kihisio cha MQ-7 cha bei chee hueleza wazi: sekunde 60 kwa volti 5 kujisafisha, 90 kwa volti 1.4 kupima. Wengine watataja mwanga wa urujuanimno badala ya moto. Vizuri, basi umeme wa taa hiyo uandikwe katika jedwali lilelile linalojisifia kutokula umeme.