Gurudumu Kwanza: Ufundi wa Baiskeli ya Safari ya Mtu Mfupi

Baiskeli ya safari ndefu ya mtu mfupi huanzia kwenye gurudumu. Mabomba ya fremu hukatwa kwa urefu wowote, usukani huchaguliwa mpana au mwembamba, kiti hupandishwa na kushushwa. Gurudumu ndilo lisilokubali. Huja kwa saizi chache zilizokwisha kuamuliwa viwandani, na saizi iliyotawala baiskeli za barabarani, ile ya rimu ya milimita 622, huwakaa vizuri watu wa kimo cha wastani na kuzidi. Kwa mtu wa sentimita 150 ni kubwa, na ukubwa wake huvuruga kila kinachofuata. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi hii hamuulizi mteja rangi wala idadi ya gia kabla hajampima mguu. Mteja husimama pekupeku, mgongo ukutani, kitabu kikibanwa kati ya mapaja mpaka kiguse mfupa, na alama hupigwa ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Hesabu zote huanzia kwenye alama hiyo ya penseli.

Viwanda vingi hutengeneza fremu ndogo kwa kupunguza fremu kubwa. Ni sawa na suruali ya mtu mrefu iliyokatwa miguu tu: urefu unalingana, lakini magoti ya suruali yanabaki chini ya magoti ya mvaaji. Ili gurudumu la 622 liingie, bomba la mbele hulazwa, na bomba la kiti husimamishwa ili bomba la juu lionekane fupi kwenye karatasi ya vipimo. Kila digrii moja ya kulisimamisha bomba la kiti husogeza kiti mbele kwa takribani sentimita 1. Bomba la juu la sentimita 51 kwenye fremu ya digrii 75 halina tofauti na la sentimita 53 kwenye fremu ya digrii 73, maana mwenye baiskeli atakirudisha kiti nyuma hadi magoti yakae sawa na pedali, na mikono yake itabaki imenyooshwa vilevile. Wengi wamesafiri hivyo kwa wiki nzima, shingo ikiuma, wakidhani udhaifu ni wa miili yao.

Kasoro ya pili huonekana baiskeli ikiwa imebeba mzigo. Kwenye kona kali ya mlimani, mwendo ukiwa wa mtu anayetembea, usukani hukatwa sana, na ncha ya kiatu hukutana na tairi la mbele. Barabarani, kwa kasi, jambo hili halitokei, kwa kuwa usukani hugeuka kidogo mno. Kwenye mlima, mwendeshaji akiwa na mifuko minne na upepo wa lori linalopita, mguso huo hutosha kumwangusha. Dawa yake ni hesabu rahisi. Gurudumu la 622 lenye tairi la milimita 37 lina kipenyo cha milimita 696. La rimu ndogo zaidi, ya 559, lenye tairi la milimita 44 lina 647. Nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 24, hurudi kwenye nafasi ya mguu. Krenki, yaani mikono ya pedali, zikipunguzwa kutoka milimita 170 hadi 155, zinapatikana 15 nyingine. Jumla ni karibu sentimita 4, na ndani ya sentimita hizo kiatu hupita bila kugusa, bila pembe ya fremu kupindwa hata moja.

Aliyeifanya hoja hii isikike madukani ni Georgena Terry, mhandisi wa mitambo wa Marekani aliyeanzisha kampuni yake katika jimbo la New York mwaka 1985. Fremu zake ndogo zilivaa gurudumu la inchi 24 mbele na la kawaida nyuma. Machoni baiskeli hiyo ilionekana ngeni, lakini aliyeipanda alikaa kama alivyoumbwa: mikono haikunyooshwa kupita kiasi, na miguu ilikuwa na nafasi yake. Kwa matembezi ya siku moja mpango huo ni mzuri hadi leo. Kwa safari ya miezi una gharama, kwani tairi na mipira ya akiba lazima iwe ya saizi mbili. Magurudumu mawili ya 559 hutimiza lengo lilelile kwa akiba ya saizi moja. Tena spoku zake ni fupi, na gurudumu la spoku fupi huvumilia mzigo na mashimo kuliko lile la spoku ndefu.

Hapa namba hudanganya, na inafaa mnunuzi awe macho. Tairi linaloitwa 26 laweza kuwa la rimu ya 559, ambalo ni la baiskeli za milimani, au la 590, ambalo ni la baiskeli za kizamani za Kiingereza, na mawili hayo hayaingiliani. Vivyo hivyo 28: baiskeli nyeusi za mizigo zinazojulikana sana Afrika Mashariki huvaa 28 yenye rimu ya 635, na tairi lake litacheza juu ya rimu ya 622 ijapokuwa hilo nalo huitwa 28. Namba ya kuamini ni ile ndogo iliyochongwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 47-559: ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha rimu, vyote kwa milimita. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki hii ni sababu nyingine ya kuchagua 559, kwa kuwa baiskeli za milimani, mpya na za mtumba, zimeeneza matairi yake hadi kwenye vibanda vya mafundi wa miji midogo.

Gurudumu likishaamuliwa, krenki zinafuata. Fupi zikifungwa, kiti hupandishwa kwa milimita zilezile zilizopungua ili mguu unyooke vizuri chini. Faida yake hujitokeza juu ya mzunguko: krenki ikipungua milimita 15, goti hukunjika kwa milimita 30 pungufu. Anayezungusha pedali maelfu ya mara kwa siku atazihisi milimita hizo jioni, anapoinuka kutoka kwenye kigoda.

Husemwa kwamba krenki fupi hunyang'anya nguvu. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, alipendekeza kipimo kinachojibu neno hilo: baiskeli husogea kiasi gani kwa kila mita ambayo pedali imesafiri. Kwa sproketi ya meno 24 mbele na 34 nyuma, gurudumu la 622 lenye krenki za 170 hutoa mita 1.45. La 559 lenye krenki za 155 hutoa 1.47. Ni kama kitu kimoja. Gurudumu dogo limelipa deni la krenki fupi, na fundi aliyevichagua kwa pamoja hapotezi chochote. Hata hivyo gia nyepesi zaidi bado inahitajika, kwa sababu nyingine kabisa: hema, jiko na spana havipungui kwa kuwa mwenyewe ni mfupi. Kilo 20 za mzigo kwa mtu wa kilo 80 ni robo ya uzito wake; kwa mtu wa kilo 50 ni asilimia 40. Sproketi ya mbele ya meno 22 si anasa kwake.

Mabomba nayo yana maneno yake. Bomba fupi ni gumu kuliko refu la unene uleule, kwa hiyo fremu ndogo ya mabomba manene humrudishia mtu mwepesi kila kokoto la njiani. Mabomba yaliyo manene ncha zote mbili na membamba katikati, ambayo familia ya Reynolds ya Birmingham iliyapatia hataza mwaka 1897, yanamfaa zaidi yeye kuliko yeyote. Bomba la juu na liwe jembamba. La chini, linalobeba msokoto wa mifuko, lisipunguzwe sana.

Mikono huamua yaliyobaki. Kiganja kidogo kikikaa juu ya mkono wa breki wa kawaida, vidole hufika kwa ncha tu, na kwenye mteremko wa nusu saa ncha hizo huchoka kabla ya mpira wa breki kuchoka. Mkono wa breki wenye skrubu ya kuusogeza karibu, usukani wa sentimita 38 au chini yake, na shingo fupi ya usukani ni vitu vya lazima. Breki za diski hufaa pia fremu ambayo nyuma hapana nafasi ya kupitisha waya vizuri. Chupa ya maji isipoingia ndani ya pembetatu ya fremu, hufungwa chini ya bomba la chini, ilimradi isiguse madigadi gurudumu linapogeuka. Na mfuko wa usukani, ambao kwenye fremu ndogo ya 622 husugua tairi, kwenye 559 hupata pa kukaa.

Siku ya kwenda kuichukua, mwenye baiskeli aende na viatu atakavyosafiri navyo na mifuko iliyojaa kweli, si mitupu. Azungushe duara dogo uani, polepole, kushoto na kulia, huku mguu wa mbele ukiwa sambamba na ardhi. Kiatu kikigusa tairi, asiilipie.