Bendi Moja Ikishuka, Nyingine Ikipanda

Ukitaka kujua kama onesho limeandaliwa vizuri, usimtazame nyota. Mtazame kijana wa fulana nyeusi anayekatiza jukwaani ameinama, waya begani, teipu mkononi, wakati watazamaji wamegeuka kutafuta urojo. Mtihani wa onesho uko hapo, kati ya bendi na bendi.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na makao yake Ngome Kongwe, Unguja, lilijitwisha mtihani huo kwa makusudi pale liliposhikilia kuwa muziki wote uwe laivu. Msanii wa pleibeki anamtaka fundi ampe maiki moja na pa kuchomeka kompyuta, basi. Bendi ya dansi yenye magitaa matatu, besi, drams, tumba, kinanda, tarumbeta na waimbaji wanne hula chaneli 20 na ushei za miksa. Ikishuka hiyo, inapanda taarabu na kanuni, fidla, udi na akodiani, vyombo ambavyo vingi havina hata tundu la waya.

Ndiyo maana kazi huanzia kwenye karatasi mbili zinazotumwa na bendi mapema: mchoro wa nani anasimama wapi, na orodha ya chaneli, ya kwanza ngoma ya mguu, ya pili snea, hadi mwimbaji wa mwisho. Anayezishika ni meneja wa jukwaa, na kwangu mimi ndiye mkubwa wa usiku ule. Mkurugenzi na promota kazi yao waliimaliza zamani: vibali, tiketi za ndege, wafadhili. (Wafadhili si jambo dogo, mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha.) Hata tarehe ilishapigiwa hesabu: Februari, kabla ya masika, huku jicho likiwa kwa Ramadhani inayorudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.

Mafundi mitambo nao ni wawili. Mmoja yuko katikati ya watu, anawachanganyia wasikilizaji. Wa pili kajibanza pembeni ya jukwaa, anawahudumia wanamuziki kwa spika za monita. Mwimbaji akinyoosha kidole juu, anamwambia huyu wa pembeni amwongezee sauti. Lawama, bila shaka, huenda kwa yule wa katikati ya watu.

Chukua kanuni peke yake. Ina nyuzi 70 na kitu, na sauti yake ni nyororo. Ukiiongezea sauti, maiki inadaka pia kile kinachotoka kwenye monita, kinarudi kwenye spika, kinadakwa tena, mpaka spika inapiga mluzi. Dawa ni kuisogeza maiki karibu na nyuzi, kuigeuzia monita mgongo, na kupunguza masafa yale tu yanayolia. Kwenye ukumbi mmoja nilimwona mzee akipiga nyimbo mbili nzima bila kusikika. Waya ulibadilishwa mara tatu. Kumbe maiki ilikuwa ya aina inayodai volti 48 kutoka kwenye miksa, na kitufe chake hakijabonyezwa.

Kuta za mawe za Ngome zina kesi yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita 34 kutoka ukutani, pigo la snea linalokupita hukurudia baada ya sehemu ya tano ya sekunde. Spika hulengwa kwa watu, si kwa mawe, na kwa kuwa miili ya watu hunyonya sauti, majaribio ya alasiri uwanja ukiwa mtupu hudanganya.

Bendi kongwe za Dar es Salaam hazikuwa na shida ya kupokezana. NUTA Jazz ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park vya shirika la DDC. Vilifungwa jioni na kutumika mpaka majogoo. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Kwenye tamasha, drams na amplifaya ni za wote, mpiga drams huja na snea na matoazi yake tu.

Anabaki mshereheshaji. Watu hudhani anachekesha kwa hiari yake, kumbe jicho lake liko kwa meneja wa jukwaa. Akioneshwa ngumi, anaongeza kisa kingine. Akioneshwa kidole gumba, anataja jina la bendi.