Maji Yaliishia Wapi? Jinsi Dar es Salaam Ilivyochora Mafuriko Yake Mfereji kwa Mfereji

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la mvua kubwa kwa ukanda wa pwani, hutaja mikoa: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Huongeza athari zinazoweza kujitokeza, kama baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Hiyo ni kazi ya wataalamu na inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, mama ntilie wa Kigogo, Dar es Salaam, hawezi kuamua kitu kwa jina la mkoa. Anataka kujua kama maji yatavuka kizingiti chake, yatapitia uchochoro gani, na akiwatoa watoto usiku awapeleke upande upi.

Pengo hilo kati ya mkoa na kizingiti ndilo lililoshughulikiwa na mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam. Waliokutana humo ni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Kazi yenyewe, ile ya kukanyaga matope, ilifanywa na wanafunzi wakiongozana na wenyeji.

Sababu ya kuanza ilikuwa wazi. Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo haikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo kata ya Tandale ilikuwa imechorwa kwa mara ya kwanza na wakazi wake pamoja na wanafunzi wa Ardhi. Kabla ya hapo, mtu aliyefungua ramani ya kawaida aliona barabara kubwa chache tu na katikati yake uwazi, kana kwamba maelfu ya watu wanaoishi pale hawapo.

Msimbazi unahitaji maelezo kidogo, kwa maana bila kuuelewa mto huu ramani haina maana. Unaanzia vilima vya Pugu, unashuka kwa takribani kilomita 35 na kumwaga baharini kwenye Daraja la Selander. Njiani unabeba mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga huo hutua Jangwani, ambako bonde ni tambarare na mkondo hupoteza kasi. Kitako cha mto kinapanda, nafasi ya maji inapungua. Kisha kuna bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa hupanda zaidi ya mita 3 juu ya kiwango cha kupwa, na mvua kubwa ikikutana na saa hiyo mto hukosa pa kumwagia. Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na karakana yake iliyojengwa bondeni humohumo imewahi kuingiliwa na maji.

Kwa nini basi wasitumie kompyuta kukadiria mafuriko na kumaliza kazi? Kwa sababu data ya mwinuko iliyokuwa ikipatikana bure wakati huo, iliyopimwa kutoka angani, iliigawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30, na makosa yake ya kimo yanaweza kufika mita kadhaa. Katika maeneo ya bondeni kama Magomeni Suna au Hananasif, tofauti ya nusu mita ndiyo inayoamua nani analala kitandani na nani analala juu ya meza. Droni ziliporushwa zilileta picha safi zinazoonyesha kila bati. Zilisaidia mno kuhesabu majengo. Lakini droni huona paa. Haioni sakafu, wala haioni mfereji unaopita chini ya banda la mkaa.

Hapo ndipo uamuzi muhimu kuliko yote ulipofanyika, nao haukuwa wa teknolojia ya juu: kupima mifereji kwa miguu. Wanafunzi walipita na simu zenye fomu za kidijitali wakiandika upana wa mfereji, kina chake, umejengwa kwa saruji, mawe au ni udongo mtupu, umeziba kiasi gani, na maji yake yanaelekea wapi. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mifereji mingi ya makazi yasiyopimwa hujengwa vipande vipande, kila kipande kwa fedha na mwaka wake. Mkubwa unaweza kuingia kwenye kalavati dogo. Mwingine unaweza kuishia ukutani mwa nyumba ya mtu. Mhandisi akiitazama mmoja mmoja hataona kosa; kosa huonekana mtandao wote ukiwa kwenye karatasi moja.

Baada ya mifereji ikaja kumbukumbu. Mwenyeji aliombwa aonyeshe maji yaliishia wapi: pale kwenye mwembe, hapa kwenye ngazi ya tatu, ukutani ambako mstari wa tope bado unaonekana chini ya chokaa. Kila jibu likawa nukta yenye mahali pake duniani, na nukta zikiunganishwa zinatoa mpaka wa mafuriko. Njia hii ina udhaifu. Watu huchanganya masika ya mwaka mmoja na vuli ya mwingine, na aliyepoteza mali nyingi hukumbuka maji makubwa kuliko aliyepona. Dawa yake ni kuuliza majirani kadhaa na kutazama kama nukta zao zinakubaliana na mwinuko wa ardhi. Pale zinapokubaliana, ushahidi huo una nguvu kuliko makadirio ya mbali, maana ni maji yaliyofika kweli.

Hatua iliyofuata ilitumia muundo ambao Tanzania inao tangu miaka ya 1960, yaani shina, kundi dogo la nyumba za jirani, na mjumbe wake. Mjumbe anajua nani ni mgonjwa, nani ni kipofu, nyumba ipi ina mzee anayeishi peke yake. Mipaka ya mashina, hata hivyo, ilikuwa vichwani mwa wajumbe tu. Walipoombwa kuionyesha na ikachorwa, eneo la mafuriko likaacha kuwa la “Tandale” kwa jumla na likawa la shina fulani lenye mtu anayeweza kupigiwa simu. Jakarta ilikuwa imefanya jambo la aina hii mwaka 2012, viongozi wa vitongoji walipokaa na wanafunzi wa chuo kikuu kuchora mipaka yao. Indonesia ndiko ilikozaliwa pia programu ya InaSAFE, ambayo Dar es Salaam iliitumia: unaipa eneo la mafuriko na majengo yaliyochorwa, nayo inakadiria majengo mangapi yataguswa na watu wangapi watahitaji msaada. Kamati ya maafa ya kata ikiwa na makadirio hayo kabla ya masika, inajua iandae mahema mangapi.

Kuna jambo ambalo taarifa za miradi hupenda kulipita haraka. Desemba 2015 na Januari 2016, nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa. Katika mazingira hayo, kijana anayefika na simu mkononi akiuliza “maji hufika hapa?” anauliza swali linaloweza kumgharimu mtu makazi. Ramani ya hatari inaweza kuwa ya kuokoa au ya kufukuza, na aliye bondeni ana haki ya kujua ni ipi kabla hajajibu. Kuwepo kwa mjumbe na mtu wa mtaa uleule kwenye timu kulipunguza hofu. Ulinzi wa kweli ni wenyeji kupewa nakala ya kilichochorwa na kuelezwa kitatumikaje, na hili lingepaswa kuwa sharti la kwanza la kila mradi wa namna hii.

Ramani zilichapishwa kwa karatasi kubwa na kupelekwa ofisi za kata, na data ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuipakua. Baadhi ya vijana waliokulia kwenye mradi walianzisha OpenMap Development Tanzania, kwa hiyo ujuzi haukuondoka na wafadhili.

Kinacholegea ni matunzo. Mfereji uliopimwa ukiwa safi unaweza kuziba kwa chupa na mchanga ndani ya msimu mmoja, na ramani itaendelea kusema uko wazi. Nyumba mpya hujengwa juu ya njia ya maji bila mtu kuirekebisha ramani. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia fedha mwaka 2022, unagusa mto mkubwa na daraja jipya la Jangwani. Mifereji midogo ya mitaani itabaki mikononi mwa kata. Kuipitia tena kila Februari, kabla masika hayajaanza, kunahitaji vijana wachache wa mtaa, simu zao na wajumbe wanaowajua, pamoja na kifungu kidogo kwenye bajeti ya halmashauri chenye jina la afisa atakayeulizwa mwezi Machi kama kazi imefanyika.