Kindi na Karabai

Sisi tunaoandika huku Mwisho wa Reli tuna ugonjwa mmoja: wahusika wetu wote ni mabingwa. Hata kwenye Pokémon, mchezo wa kupiganisha madubwana, wengi hupanga timu kwa majina makubwa yale yale. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya dunia Washington, Sejun Park wa Korea Kusini akaingia na Pachirisu, kikindi ambacho wakali wengi hawakukigusa. Akatwaa ubingwa.

Eti bahati? Wapi! Kikindi kile kiliyavuta mashambulizi kwake, na umeme, ambao ndio sumu ya joka lake Gyarados, chenyewe kilikuwa kinaunywa tu. Joka likabaki huru kupiga.

Kazi hiyo Kibirizi tunaijua. Karabai haivui dagaa. Inawavuta, wavu ndio unavua. Lakini izime uone.

Sasa, ndugu mwandishi, sisi tukimkumbuka mnyonge tunamleta hadithini aonewe huruma. Park hakukihurumia kikindi chake, alikipa kazi. Mhusika wako mdogo ukimfuta, kinaanguka nini? Kama hakianguki kitu, bado hujaandika.