Shanga za Vyura: Neno Juu ya Kitabu cha Wangari Maathai

Kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la nne alijua jambo hili. Mwulize mtoto habari za maisha ya chura, naye atasimama wima na kujibu pasipo kukosa: yai, kiluwiluwi, chura. Kisha mwambie, "Twende kijitoni ukanionyeshe yai la chura." Hapo atanyamaza. Hupita karibu na mayai hayo kila asubuhi aendapo kuteka maji, wala hatambui ya kuwa ndiyo yale yaliyoandikwa ubaoni. Aibu hiyo si yake. Ni yetu sisi tuliomfundisha.

Mawazo hayo yalitujia tulipokisoma kitabu cha Wangari Maathai kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006. Wasomaji wengi wamesikia habari za mama huyu wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Alijifunza elimu ya viumbe huko Marekani, na mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti iitwayo Green Belt Movement, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011. Watu wengi hukisoma kitabu chake kwa ajili ya mashindano yake na wakubwa wa serikali. Sisi twataka kukipima kwa kipimo kingine: je, chamfaa nini mwalimu wa watoto wadogo?

Chamfaa sana, na faida yake imo katika kurasa za mwanzo. Humo mwandishi asimulia jinsi mamaye alivyomtuma kutafuta kuni na kuteka maji penye kijito kilichokuwa karibu na mti mkubwa uitwao mugumo kwa Kikuyu, nao ni wa jamaa ya mikuyu. Majini aliona mayai ya vyura, meusi na meupe, yakiwa yameshikamana kama uzi wa shanga. Akatia mikono apate kuyavaa shingoni, nayo yakakatika kila mara. Siku nyingine akarudi, asiyaone mayai. Akaona viluwiluwi vingi vikichezacheza majini. Na baadaye navyo havikuonekana tena. Hakuwapo mwalimu wa kumweleza. Maana ya mambo hayo aliipata baadaye sana, alipokwisha kwenda shule.

Hapa twaona uzuri wa kwanza wa kitabu hiki. Jicho lilitangulia, jina likafuata. Mtoto alikuwa na swali moyoni miaka mingi kabla ya kupewa jibu, na kwa sababu hiyo jibu lilipokuja lilipata mahali pa kukaa. Katika shule zetu mara nyingi twafanya kinyume: twampa mtoto jibu kabla hajauliza, kisha twashangaa mtihani ukiisha na jibu limekwisha kutoka kichwani.

Jicho lile halikumwacha hata alipokuwa msomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda mashambani kukusanya kupe, apate kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe. Huko akaona mito imegeuka rangi kwa udongo uliochukuliwa na mvua, na ng'ombe wamekonda hata mbavu zao zahesabika. Akafahamu ya kuwa hasara iliyo kubwa kuliko kupe ni nchi yenyewe kuharibika. Mtu aliyezoea kutazama kupe tu angalirudi na kupe wake.

Sasa twafikia mahali pagumu, wala hatuna ruhusa ya kuparuka. Mamaye alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, akisema kwamba ni mti wa Mungu. Mwandishi aeleza ya kuwa watu wa kwao waliuheshimu mti ule vizazi vingi, hata walipokuja wamisionari wakafundisha kwamba Mungu hakai mtini wala mlimani. Heshima ikapungua, na miti ikakatwa. Yeye mwenyewe aliporudi kwao alikuta kiwanja kile kimepata mwenyewe mpya, aliyeona mugumo wamzibia nafasi, akaukata apande chai. Kijito kikakauka, na vyura wakatoweka.

Maneno hayo yatuchoma sisi tuliolelewa katika shule za misheni, nasi twakiri ya kuwa sehemu yake ni kweli. Tulifundishwa kwamba mti si Mungu, na mafundisho hayo hatuyakani. Lakini baada ya kuliondoa katazo la wazee tuliweka nini mahali pake? Tuliacha pengo. Twasoma katika Mwanzo ya kuwa Adamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili, kulima na kutunza. Ile ya kulima twaikumbuka, hata shuleni kila mtoto ana jembe. Ile ya kutunza twaipitia mbio.

Hata hivyo hatuwezi kumfuata mwandishi mpaka mwisho katika neno hili. Akilisifu katazo la kale, aliandika kama kwamba lingaliweza kuulinda mti siku zote. Sisi twaona katazo lisilo na sababu hudumu maadamu watu wanaliogopa. Siku hofu inapokwisha, shoka huingia. Yule mpanda chai hakuwa mtu mbaya. Aliuona mti unachukua mahali, asione kazi unayoifanya, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Kama angalijua, labda angalipanda chai yake hatua chache kando.

Na kazi yenyewe mwandishi aijua vyema. Aeleza ya kuwa mizizi ya mugumo hushuka chini sana, hupasua mwamba, na kuyafanyia maji ya mvua njia ya kuingia ardhini na kutokea tena kuwa chemchemi. Tena hushika udongo wa mteremko usiporomoke. Lakini jambo hili, ambalo kwetu ndilo kiini cha kitabu, amelipa mistari michache tu. Hatumlaumu sana, maana hakuandika kitabu cha shule. Lakini mwalimu akiyasoma maneno hayo darasani kama yalivyo, watoto watayakariri kama walivyokariri maisha ya chura.

Basi na alipopunguza yeye, tuongeze sisi. Likate debe kwa urefu upate vyombo viwili. Kimoja tia udongo mtupu, na cha pili udongo wenye nyasi pamoja na mizizi yake. Viinamishe sawasawa, weka kopo mbele ya kila kimoja, kisha waache watoto wamwage maji ya kiasi kimoja juu ya vyote viwili. Penye udongo mtupu maji yatashuka mbio, mekundu kwa tope. Penye nyasi yatakawia, yawe machache na meupe zaidi. Usiwaambie neno. Wangoje wakuulize. Mtoto aliyeyaona makopo hayo mawili hataona tena shamba la mteremkoni kama alivyoliona jana.

Neno la mwisho ni juu ya kupanda miti. Shuleni petu tulipanda miche mingi siku moja, kwa nyimbo na hotuba, na wageni wakapiga picha. Ilipofika kiangazi mbuzi walikuwa wamekula nusu, na jua likamaliza iliyobaki. Katika daftari iliandikwa kwamba tumepanda miti, wala hapakuwa na uwongo. Katika kitabu hiki twasoma ya kuwa wanawake wa Green Belt walipewa malipo madogo kwa mche ulioishi, uliokufa haukuhesabiwa. Hao hawakuwa na hati za chuo cha misitu, lakini waliotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika na kuzitunza, hata mwaka 2004 iliposemwa kwamba miti imepita milioni 30. Tangu tulipoyasoma hayo, kila mtoto wetu ana mche mmoja wenye jina lake, na alama hutolewa mwisho wa mwaka, mti ukiwa hai.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wajuao Kiingereza wakisome kitabu hiki, na wazazi waombe wasimuliwe. Kina kasoro tuliyoitaja, lakini chatuuliza swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Kuna chemchemi karibu na kila shule, au palikuwako. Wapelekeni watoto huko kabla ya somo. Wakiyakuta mayai ya vyura, waacheni wayatazame kwa kitambo. Wasipoyakuta, waulizeni wazee yalikwenda wapi, na ni mti gani uliosimama hapo zamani.