Mkono Ndani ya Ngoma

Tulipofika shambani, Moiben katika kaunti ya Uasin Gishu, mwenye kombaini alikuwa ameshaiwasha na kuizima. Fundi mzee niliyefuatana naye kuikagua kabla ya kununua hakulalamika. Alisogeza kiganja kwenye injini, akahisi joto, akauliza kama kuna chai. Dizeli iliyochoka huficha aibu yake ikiwa na moto. Ikipoa ndipo inapokataa kuwaka, ikikohoa moshi mweupe. Basi tungesubiri ipoe.

Ilikuwa Claas Dominator ya zamani, imepakwa kijani kibichi kilichong'aa kuliko ngano yenyewe. Mimi nilivutwa na matairi na kiti. Mzee hata saa za kazi kwenye dashibodi hakuzitazama. Injini, aliniambia, ina fundi kila mji. Kinachomla mnunuzi ni mahali ngano inapopurwa.

Akafungua kifuniko, akakunja shati hadi begani, akaingiza mkono kwenye ngoma. Ngoma hiyo ina kipenyo cha sentimita 45 hivi, na imezungukwa na pau za chuma zenye matuta ya mshazari: pau moja matuta yake yanaelekea kushoto, inayofuata kulia, ili mabua yasisukumwe yote upande mmoja. Alipapasa pau moja baada ya nyingine akiwa amefumba macho, kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya gunia. Kwenye moja akasimama. Akazungusha ngoma nusu mzunguko, akapapasa tena, akaniita.

"Weka kidole hapa, kijana. Sasa hapa."

Ya kwanza ilikuwa na makali ya chuma kipya. Iliyoikabili ilikuwa laini kama ukingo wa sufuria kuukuu. Pau hubadilishwa mbilimbili, zinazokabiliana, la sivyo uzito huegemea upande mmoja, ngoma hutetema, na beringi hufa mapema. Aliyefunga ile mpya alitaka kumaliza msimu tu. Mzee akapitisha nondo chini ya ekseli ya ngoma, akainyanyua kidogo, akatega sikio. Ikagonga.

Kutoka hapo alihamia kwenye lifti inayopandisha nafaka tangini. Akaanza juu, akiligonga bati kwa spana, akishuka taratibu. Juu lilitoa sauti nzito. Karibu na chini, ambako cheni hugeuka na ngano yenye mchanga husugua miaka nenda rudi, sauti ikawa ya kopo tupu. Hapo rangi ilikuwa nene kuliko kwingine kote. Nakiri kwamba ningeipita nikiisifu.

Si kwamba bati likitoboka haliwezi kuchomelewa. Shida ni siku litakapotoboka: ngano imekauka, wingu limejikusanya upande wa Cherang'any, wakulima watatu wameshalipa kwa ekari, na punje zikilowa zikiwa sukeni huanza kuota.

Injini ilipopoa iliwashwa. Ilisumbua kidogo, ikakubali, na mzee akaridhika nayo upesi kuliko nilivyotarajia. Akataka mitambo yote ya kupura izungushwe bila ngano. Aliposimama nyuma, kando, sikumwelewa mpaka aliponionyesha kwa mkono mwendo wa vipepeto vya mabua, vinavyopanda na kushuka kwa zamu. Alikuwa akivihesabu kwa kichwa, akisikiliza kama kuna kinachochelewa.

Mashine ilipozimwa na mikanda kutulia kabisa, alifungua kifuniko kidogo chini ya lifti. Likamwagika konzi la ngano ya msimu uliopita, na vumbi na kinyesi cha panya. Akalipokea kiganjani, akalipuliza makapi yakaruka, akatenga punje zilizovunjika upande mmoja kwa kidole gumba. Zilikuwa karibu sawa na zile nzima.

Akamnyooshea mwenye mashine kile kiganja.

"Ndugu yangu, huyu dereva wako alikuwa analipwa kwa ekari au kwa gunia?"